Kwa Nini Gesti ya Pangani Haionekani Google

Tuseme abiria ameshuka stendi ya Kange, Tanga, saa tisa alasiri. Kabla hajapanda gari la Pangani anatoa simu na kuandika maneno matatu: "gesti pangani bei". Haijapita hata sekunde moja, orodha imekwisha kujipanga kwenye kioo. Anagusa jina la kwanza, anarudi, anagusa la pili, anapiga simu, anapata chumba.

Pangani hiyohiyo, hatua chache kutoka kwenye kivuko cha kwenda Bweni, tuseme kuna gesti ya vyumba sita ambayo mwenyewe amefungua tovuti miezi miwili iliyopita. Vyumba ni safi, bei ni nafuu, picha zimepigwa na mtu anayeijua kazi yake, na fundi aliyeitengeneza tovuti amelipwa pesa yake yote. Lakini kwenye orodha ya yule abiria gesti hiyo haimo. Si ya kumi, si ya hamsini. Haimo kabisa.

Akilalamika, mwenye gesti atapata ushauri wa aina mbili mtaani. Wapo watakaomwambia alipe, na wapo watakaomwambia kwamba Google ina siri zake na wao wanazijua. Kuhusu malipo, Google imeandika wazi katika miongozo yake kwamba haipokei pesa ili kuutembelea ukurasa mara nyingi zaidi wala kuupandisha katika matokeo ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo, na matangazo huwekewa alama yake. Kuhusu siri, sehemu kubwa ya kazi hii imeelezwa hadharani kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Ni kazi ya hatua tatu: roboti hufika kwenye ukurasa, ukurasa huorodheshwa, kisha hupangwa nafasi yake mbele au nyuma ya wenzake. Kila hatua ina namna yake ya kukwama. Anayejua amekwama wapi anajua pia arekebishe nini. Asiyejua hubadilisha rangi za tovuti kila mwezi, kumbe roboti haijawahi hata kupita mlangoni.

Kufika

Abiria anapobonyeza kutafuta, Google haikimbii kuizunguka intaneti yote. Ingefanya hivyo, angezeeka stendi. Inachokipekua ni nakala iliyokwisha kukusanywa na kupangwa mapema. Wakusanyaji ni programu zinazoitwa roboti, au buibui kwa kuwa hutembea juu ya utando: ya Google inaitwa Googlebot, ya Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, inaitwa bingbot. Roboti hufungua ukurasa, hukisoma kilichomo, huchukua kila linki inayoikuta humo, huziweka linki hizo kwenye foleni, kisha hufungua inayofuata. Kazi hiyo hufanywa usiku na mchana, kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alitengeneza Archie, programu iliyoorodhesha majina ya mafaili yaliyokuwa yamewekwa kwenye seva za umma. Ilijua jina la faili tu. Kilichokuwamo ndani haikukijua. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kuorodhesha tovuti kwa mkono, mada kwa mada, na orodha yao ndiyo iliyozaa Yahoo. Mwaka huohuo Brian Pinkerton wa Chuo Kikuu cha Washington akatoa WebCrawler, iliyosoma maneno yote ya kila ukurasa iliyoutembelea. Tovuti zilipoendelea kuongezeka, mkono wa binadamu haukuweza tena kuzifuata, na kazi ikabaki kwa buibui.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakuna daftari kuu la dunia linaloandika kila ukurasa uliopo. Mtu akinunua jina linaloishia na .co.tz au .co.ke, jina litafanya kazi siku hiyohiyo, lakini hakuna tarishi anayepeleka habari Google. Ukurasa mpya hujulikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni linki kutoka ukurasa ambao roboti imekwisha kuujua. Ya pili ni ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha anwani za kurasa zote, ambalo mwenye tovuti huliwasilisha mwenyewe. Utaratibu huo ulianzishwa na Google mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft zikaukubali. Faili moja linaruhusiwa kubeba hadi anwani 50,000. Gesti ya vyumba sita ina kurasa nane au tisa. Ramani yake ni fupi kuliko risiti ya dukani, na programu nyingi za kutengenezea tovuti huiandika zenyewe.

Pahala pa kuiwasilisha ni Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Bing nayo ina huduma ya namna hiyo, na tangu 2021 ipo pia njia iitwayo IndexNow, inayoiarifu Bing mara tu ukurasa unapoongezwa au kubadilishwa. Kwa mwenye tovuti mpya, nusu saa ya kujiandikisha huko ina faida kuliko wiki nzima ya kuhangaika na rangi.

Hata hivyo, kujulikana si kuruhusiwa kuingia. Mwaka 1994 Mholanzi Martijn Koster alipendekeza kwamba kila tovuti iweke mlangoni faili dogo la kuziambia roboti ziingie wapi na zisiingie wapi. Faili hilo linaitwa robots.txt, na baada ya kutumika kwa hiari kwa miaka 28 lilifanywa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2022. Hapa ndipo tovuti nyingi changa hufungiwa ndani bila mwenyewe kujua. Wakati wa ujenzi fundi hataki kurasa ambazo hazijakamilika zionekane, kwa hiyo huandika mistari miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Mstari wa kwanza unasema "roboti yoyote ile". Wa pili, kwa ule mkwaju mmoja, unasema "isifungue chochote". Siku ya uzinduzi mistari hiyo inatakiwa iondolewe. Ikisahaulika, tovuti itafunguka vizuri kwenye simu ya kila mtu, mwenye gesti akiwamo, huku roboti zikifika mlangoni, zikisoma na kuondoka. WordPress, programu maarufu kuliko zote kwa kutengenezea tovuti, ina kisanduku kinachofanana na hayo katika mipangilio ya usomaji: kikiwekwa tiki, kila ukurasa hubeba alama ya noindex, inayoziambia injini za utafutaji zisiuorodheshe. Tiki hiyo moja inatosha kueleza miezi miwili ya ukimya.

Jaribio la kwanza, basi, halihitaji fundi. Mwenye gesti aandike kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yake bila kuacha nafasi. Zikija kurasa zake, hatua ya kwanza na ya pili zimepita. Kisipokuja kitu, aende Search Console akakague anwani moja moja. Humo ataambiwa kama mlango umefungwa, na umefungwa na nini.

Kuorodhesha

Wasomaji wa Biblia wanaijua Itifaki, kile kitabu kinene ambacho neno "maji" likitafutwa humo huonyesha kila sura na aya lilipotajwa. Mtu hasomi Biblia nzima kutafuta aya moja, anafungua Itifaki. Faharasa ya injini ya utafutaji hufanya kazi hiyohiyo. Tuchukue kurasa tatu za tovuti ya gesti: wa kwanza ni wa vyumba na bei, wa pili ni wa safari ya kisiwa cha Maziwe na bei yake, wa tatu ni wa jinsi ya kufika Pangani. Katika faharasa, neno "bei" litaelekezwa kwenye ukurasa wa kwanza na wa pili, neno "Maziwe" kwenye wa pili peke yake, neno "kivuko" kwenye wa tatu, na neno "na" kwenye zote.

Hilo "na" lina somo lake. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, alieleza kwamba uzito wa neno katika kutafuta unategemea uadimu wake: neno lililomo katika kila hati halisaidii kutofautisha hati na hati, ilhali lililomo katika chache husaidia sana. "Na" halina uzito. "Maziwe" lina uzito mkubwa. Wazo hilo liliingia katika misingi ya injini za utafutaji zilizofuata, na mwenye gesti anaweza kulitumia leo bila hesabu yoyote. Ukurasa unaosema "karibuni nyumbani mbali na nyumbani, tunatoa huduma bora kwa wateja wetu" umejaa maneno yaliyomo katika kila tovuti ya gesti na hoteli. Ukurasa unaosema "vyumba sita, dakika tano kwa miguu kutoka kivuko cha Bweni" umebeba maneno ambayo wachache wanayo.

Kichwa cha ukurasa ndicho mahali pa kuanzia. Si maandishi makubwa yanayoonekana juu ya picha, bali lile jina linalotokea kwenye kichupo cha kivinjari, ambalo Google hulitumia mara nyingi kama mstari wa kubonyezwa katika matokeo. Tovuti nyingi changa zina kurasa nane, na zote nane zinaitwa "Nyumbani". Kwa roboti, hayo ni maduka manane yenye bango moja. "Gesti Pangani: vyumba na bei", "Safari ya kisiwa cha Maziwe kutoka Pangani", "Jinsi ya kufika Pangani kutoka Tanga": hapo kila ukurasa umejitambulisha. Kwa upande mwingine, orodha ya maneno muhimu ambayo mafundi wengine bado huificha ndani ya ukurasa haina kazi. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo.

Kosa jingine ni la bango. Bei za vyumba hutengenezwa kwa ajili ya WhatsApp na Instagram, picha moja yenye rangi na nembo, kisha picha hiyohiyo hupachikwa kwenye tovuti. Mtu anaisoma, roboti inaweza kuokota kidogo au isiokote kitu. Bei iandikwe kwa maandishi ya kawaida, hata kama bango litabaki chini yake kwa uzuri.

Na si kila kinachosomwa huorodheshwa. Google inasema faharasa yake ina mamia ya mabilioni ya kurasa na inazidi gigabaiti 100,000,000, lakini bado huchagua. Search Console hutofautisha hali mbili ambazo kwa mgeni zinafanana: ukurasa uliogunduliwa lakini haujaorodheshwa, na ukurasa uliosomwa lakini haujaorodheshwa. Ya kwanza inamaanisha roboti inaijua anwani ila haijaifungua. Kwa tovuti changa mara nyingi dawa ni subira na linki kadhaa kutoka nje. Ya pili ni nzito zaidi. Roboti imeingia, imesoma, na haikuona sababu ya kuuweka. Ukurasa wenye sentensi mbili na picha sita, au maelezo yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti nyingine, huishia hapo.

Kiswahili mbele ya mashine

Hapa mwandishi wa Kiswahili ana jambo lake la pekee. Mashine za kutafuta zilikulia katika Kiingereza, lugha inayobadilisha mkia wa neno. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni ya kukata mikia hiyo ili maneno ya asili moja yahesabiwe pamoja, na kanuni hiyo ikatumika kote. Kiswahili hubadilisha kichwa. Chumba kimoja, vyumba sita. Mgeni analala, wageni walilala, wamelazwa, na biashara yenyewe ni malazi. Anayekata mkia wa "vyumba" hatafika kwenye "chumba" hata akate mpaka kesho.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2018 watafiti wa Google walitoa BERT, mfumo unaovunja maneno vipande vipande na kujifunza maana yake kwa kuangalia maneno jirani, na toleo lake la lugha nyingi lilifunzwa kwa Wikipedia za lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo. Oktoba 2019 Google ilianza kuutumia katika utafutaji wa Kiingereza, na Desemba mwaka huohuo ikaupeleka kwenye lugha zaidi ya 70. Kiswahili kilikuwa mojawapo. Leo "chumba" na "vyumba" vina nafasi nzuri zaidi ya kukutanishwa kuliko zamani.

Lakini mfumo wa namna hii hujifunza kutokana na kilichoandikwa, na maandishi ya Kiswahili mtandaoni bado ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Uchache huo unamgusa mwenye gesti kwa namna mbili. Kwanza, asiiachie mashine ikisie. Wateja wake wengine huandika "gesti", wengine "nyumba ya wageni", wengine "lodge", wengine "vyumba vya bei nafuu". Maneno hayo yote yanaweza kuingia katika ukurasa mmoja, kila moja mahali pake, kama mtu anavyozungumza mapokezi. Pili, wapinzani ni wachache. Anayeandika kwa Kiingereza kuhusu fukwe za Afrika Mashariki anashindana na makampuni makubwa ya utalii ya London na Amsterdam. Anayejibu kwa Kiswahili swali la msafiri wa kutoka Morogoro huenda akawa peke yake.

Anayetaka lugha zote mbili atengeneze kurasa mbili zenye anwani mbili, wa Kiswahili na wa Kiingereza, na fundi aziunganishe kwa alama ya hreflang ili injini ijue kwamba hizo ni pacha. Google huitambua lugha kwa kuyasoma maandishi yenyewe; ukurasa uliochanganya aya ya Kiswahili na aya ya Kiingereza unaipa kazi bure.

Kupanga

Hatua ya tatu ndiyo inayozungumzwa zaidi. Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walianza mradi waliouita BackRub. Injini za wakati ule zilitegemea mno maneno, na aliyerudia neno mara nyingi aliweza kupanda. Wao wakachukua desturi ya wasomi. Makala ya kisayansi hupimwa kwa makala nyingine zinazoitaja. Basi na ukurasa upimwe kwa kurasa zinazoelekeza kwake. Tena si kwa idadi tu. Linki kutoka ukurasa unaoelekezewa na wengi ina uzito kuliko linki kutoka ukurasa usiojulikana, na ukurasa unaotoa linki nyingi huugawa uzito wake vipande vidogo vidogo. Kanuni hiyo wakaiita PageRank, kwa jina la Page.

Katika makala yao ya 1998 waliifafanua kwa kumtumia msomaji anayebonyeza linki ovyo, bila mpango, mpaka achoke na kuanzia upya kwenye ukurasa mwingine wowote. Uwezekano wa kumkuta kwenye ukurasa fulani ndio cheo cha ukurasa huo. Uwezekano wa kuendelea kubonyeza bila kuchoka waliuweka kwa kawaida kuwa 0.85. Mfumo wao wa majaribio ulikuwa na kurasa kama milioni 24. Septemba mwaka huohuo wakaisajili Google kuwa kampuni.

Leo linki ni ishara moja kati ya nyingi, lakini bado zina kazi, na penye uzito hapakosi wa kutaka kuupata kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kabisa katika matokeo ya Google. Ilikuwa na kurasa zilizojaa neno la Kijerumani la magari yaliyotumika, zilizotengenezwa kwa ajili ya roboti tu; binadamu akifungua, alihamishiwa ukurasa mwingine. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi maduka ya J. C. Penney ya Marekani yalivyokaa juu kwa miezi katika utafutaji wa magauni, matandiko na mazulia, yakibebwa na maelfu ya linki zilizopandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana na biashara yao. Kampuni ilisema haikuagiza jambo hilo na ikamfukuza wakala wake. Baada ya adhabu ya Google, bidhaa zilizokuwa za kwanza zilishuka hadi nafasi za sitini na sabini. Mwezi huohuo Google ilitoa badiliko lililoitwa Panda, la kushusha kurasa duni, na Aprili 2012 likafuata Penguin, lililolenga linki za hila.

Ikiwa makampuni ya ukubwa huo hayakunusurika, vishoka wanaomuuzia mwenye gesti "linki elfu moja" kwa bei ya usiku mmoja wa malazi hawana cha kumpa ila hasara. Google imeandika kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi ya kwanza. Mwaka 2017 mfanyakazi wake Maile Ohye alisema kwamba mara nyingi kazi ya mtaalamu wa utafutaji huhitaji kati ya miezi minne na mwaka mmoja kabla matunda hayajaonekana. Anayeahidi wiki mbili apewe nauli ya kurudi kwake.

Linki za halali zipo karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mwenye boti anayewapeleka wageni Maziwe ana ukurasa wake. Aelekeze kwa gesti, na gesti ielekeze kwake, kwa kuwa wageni wao ni walewale. Wapo pia msafiri aliyeandika kuhusu safari yake ya hifadhi ya Saadani, na chuo kilichowaleta wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo. Linki za Instagram na Facebook huleta watu, na watu ndio wateja, ila kwa kawaida hubeba alama inayoziambia injini zisizihesabu kama kura.

Kisha kuna simu. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzisoma tovuti kama zinavyoonekana kwenye simujanja, na Oktoba 2023 ikasema kazi ya kuhamia huko imekamilika. Maana yake, kama fundi ameificha orodha ya bei katika sura ya simu ili "isijaze kioo", bei hiyo kwa Google haipo. Kasi nayo hupimwa: kitu kilicho kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kitokee ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, yule aliyelenga "Piga simu" akajikuta amegusa tangazo. Mkosaji mkuu ni picha. Picha iliyotoka kwenye simu moja kwa moja huweza kuwa na megabaiti nne au tano. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 200, jicho kwenye kioo kidogo halioni tofauti, lakini bando la mteja linaiona. Kasi peke yake haimpandishi mtu asiye na jibu. Kati ya wenye majibu yanayolingana, humsaidia aliye mwepesi.

Jibu lenyewe ndilo jambo zito kuliko yote, na hapa mwenye gesti ana mali ambayo hakuna wakala wa mbali anayeweza kuinunua. Maziwe ni fungu la mchanga lililomo katika hifadhi ya bahari. Maji yakijaa hufunikwa, yakipwa huibuka. Kwa hiyo saa ya boti haipangwi na saa ya ukutani. Hupangwa na bahari, na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana na mchanga huwa mpana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Mgeni wa kutoka bara hayajui hayo, na swali lake ni moja tu: boti inaondoka saa ngapi? Ukurasa unaolijibu kwa lugha nyepesi, wenye picha ya fungu likiwa wazi na nyingine likiwa limezama, zilizopigwa na mtu aliyekuwapo, ndio ukurasa ambao injini inautafuta. Desemba 2022 Google iliongeza uzoefu katika vigezo ambavyo wakaguzi wake wa ubora hutumia kupima kurasa, pamoja na ujuzi, sifa na uaminifu. Wakaguzi hao hawampandishi wala kumshusha mtu mmoja mmoja. Alama zao huionyesha kampuni kama kanuni zake zinafanya kazi ilivyokusudiwa.

Kwa biashara yenye mlango na anwani, kuna orodha ya pili ambayo mara nyingi hutokea juu ya ile ya kawaida: ramani yenye majina matatu hivi na nyota zake. Hiyo haitokani na tovuti peke yake, bali na wasifu wa biashara ambao mwenyewe huufungua Google bila malipo. Hupangwa kwa mambo matatu: ulinganifu na kilichotafutwa, umbali kutoka alipo mtafutaji, na umaarufu, ambamo maoni ya wateja yana sehemu yake. Yule abiria wa stendi ya Kange huenda aliishia kwenye ramani hiyo, wala hakushuka chini zaidi.

Miezi michache baada ya mlango kufunguliwa, Search Console huanza kuonyesha kitu ambacho hakuna mshauri anayeweza kukibuni: maneno yenyewe yaliyoandikwa na watu, mara ngapi tovuti ilitokea, mara ngapi iliguswa, na kwa wastani katika nafasi ya ngapi. Tuseme mwenye gesti anaifungua usiku, baada ya wageni kulala. "Gesti pangani bei" iko nafasi ya kumi na nne. "Maziwe boti saa ngapi" iko ya tatu. Chini zaidi kuna mstari ambao hakuutarajia: "gesti yenye paking pangani". Tovuti imetokea mara kadhaa, haijaguswa hata mara moja. Anazungusha macho kwenye kurasa zake zote nane. Hakuna mahali alipotaja magari, ingawa nyuma ya nyumba kuna uwanja. Anafungua ukurasa wa vyumba na kuandika: "Uwanja wa nyuma unaingia magari manne, una taa, na usiku kuna mlinzi."